UZI: Koloni letu la gemu limekufa njaa. Nani alipika mbegu?

Kizibo (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, hatugombani.

Tuko wanne. Kijiwe chetu ni cha kahawa pale Magomeni Mapipa, na huu ni mwezi wa saba tunacheza gemu moja kwa kupokezana. Linaitwa Dwarf Fortress. Unapewa vibete saba, mkokoteni mmoja na wanyama wawili wa kuukokota, unashushwa porini, mengine jitafutie. Chimba, lima, pika, jenga. Kushinda hakuna. Wenye gemu lao wanakwambia mapema kabisa kwamba kushindwa ndiyo raha yenyewe, na sisi raha tumeipata ya kutosha.

Vibete tunawaita Wandevu. Wanawake wao hawana ndevu ila jina lilishaganda. Makazi gemu liliyapa jina lake refu lisilotamkika, tukayaita Mbagala Chini, kwa sababu yako chini ya ardhi na kila msimu wanahamia watu wapya bila kuuliza kama kuna pa kulala.

Kila mtu anacheza mwaka mmoja wa gemu, miezi kumi na miwili ya siku 28, jumla siku 336. Akimaliza anabana folda, anampa anayefuata. Kwa flashi kama mnaonana, kwa bando kama una roho ya kutoa. Tunatumia toleo la bure, lile la herufi: paka ni c, mbwa ni d, Mndevu ni kauso kadogo kanakotabasamu hata kama hakajala wiki nzima. Lipo la kulipia lenye picha nzuri, lilitoka Desemba 2022 kwa dola 30. Hizo ni zaidi ya elfu sabini, na kompyuta ya Mwalimu ingeomba kustaafu.

Mwaka wa kwanza alicheza Fundi (anatengeneza simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey). Wa pili mimi. Wa tatu Mwalimu. Wa nne Shemeji, ambaye kamwoa dada yake Mwalimu, kwa hiyo ni shemeji wa kijiwe kizima. Wa tano ukarudi kwa Fundi. Jana usiku Fundi kaniletea flashi, akaitupa juu ya meza, akasema "maiti hiyo, ukazike."

Nimefungua. Walikuwa 61, wamebaki 17. Pombe sifuri. Mbegu za uyoga nne. Nne, wakuu! Mimi mwaka wa pili niliacha mbegu 112, nina uhakika kwa sababu niliandika kwenye daftari la dukani.

Nataka kujua nani kala mbegu, na macho yangu yako kwa Mwalimu.

Naendelea hapo chini, ngoja kwanza niweke simu kwenye chaji.

Dogo_Chuo

Naweka kambi hapa. Mkuu, kwa tusiolijua, mbegu za uyoga zina uzito gani? Si wachimbe dhahabu wakanunue chakula?

Kizibo

Dogo, ngoja nikupe darasa, bila hili huwezi kuelewa kesi.

Chini ya ardhi zao la kuliwa linaloota misimu yote minne ni uyoga mmoja wa zambarau. Kuna mazao mengine ya chini, ngano yao ya pangoni na mengineyo, lakini hayo yana misimu. Ndiyo maana kila koloni changa linaanza na uyoga. Mndevu anaweza kuutafuna mbichi, mbegu ikarudi. Unaweza kuupeleka kwenye mtambo wa pombe: uyoga mmoja unatoa vinywaji vitano, na mbegu inarudi. Au unaweza kuupeleka jikoni ukapikwa chakula. Ukipikwa, mbegu haipo tena. Umekwenda na kizazi chake.

Na pombe si anasa kwa hawa watu. Mndevu asiyepata pombe anakuwa mzito, ananuna, kazi inalala. Ataishi kwa maji, lakini utamchukia. Anakunywa karibu mara mbili ya anavyokula, kwa hiyo mtambo wa pombe ndio moyo wa shamba. Mama yangu siku moja alipita nyuma yangu, akaangalia skrini, nikamweleza. Akaniuliza, "kwa hiyo mwanangu umesoma mpaka chuo uje kupika gongo ya vibete?"

Dhahabu ipo, lakini msafara wa kuuza chakula hauji kila siku. Wa Wandevu wenzao unakuja vuli, mara moja kwa mwaka. Ukiukosa, hesabu mwaka mwingine.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana lipo tukio moja la mwaka wangu msipolijua mtasema napiga porojo.

Fundi alitushusha sehemu ya baridi yenye mto. Mwamba mtupu, udongo wa juu mwembamba kama chapati ya jero. Kwenye mwamba hulimi mpaka uuloweshe maji ubaki tope. Fundi akachimba mfereji kutoka mtoni kuja chumba cha shamba, kabla hajamaliza baridi ikaingia, mto ukaganda. Yeye, mtoto wa Buguruni, kaona mto umesimama akadhani gemu limekwama. Akalizima, akaliwasha. Umesimama vilevile. Sisi wa Dar barafu tunaijua ya kwenye friji tu. Akaona basi, kumekauka, akaendelea kuchimba mpaka akaungana na ile barafu. Mwaka wake ukaisha. Akanikabidhi flashi, hakusema neno.

Nimefungua masika ya mwaka wa pili, nina kikombe cha chai mkononi, barafu ikayeyuka. Wakuu, mmewahi kuona Jangwani mvua za Aprili? Ndivyo ilivyokuwa. Maji yaliingia shambani, yakapita kwenye korido, yakaingia vyumba vya kulala. Wawili walikufa kitandani. Kilichoniokoa ni mkono wa kuvuta ambao Fundi alishauunganisha na lango la maji, nikamtuma Mndevu mmoja auvute, alifika maji yako kifuani.

Maji yalipokauka, kila kitu kilikuwa tope. Korido tope, bwalo tope. Nilikaa kama dakika kumi naangalia tu. Halafu nikagundua kwamba sasa naweza kulima popote.

Mrufiji

Hahaha, mkuu hiyo kwetu ina jina. Inaitwa mlau. Rufiji mto ukifurika na kurudi, tope linalobaki ndilo unapanda, hata mvua isiponyesha tena unavuna. Babu yangu hakuwahi kulalamikia mafuriko, alilalamikia mafuriko yaliyochelewa. Huyo Fundi wenu kawapa mlau halafu mnamsema.

FundiAggrey

Asante Mrufiji. Nimesemwa hapa kijiweni miezi saba kwa ajili ya ule mto. Leo nimepata wakili.

Kizibo

Fundi, wawili walikufa vitandani mwao.

Haya, mlau. Nilipima vitalu vinne palepale kwenye tope, nikapanda uyoga, na kwa kuwa mkulima akizoea kazi mavuno yake yanaongezeka, kufika kiangazi nilikuwa sina pa kuweka. Wahamiaji wakaja mara mbili, tukafika 34. Nikajenga jiko. Msafara wa vuli ulipokuja niliuza chakula kilichopikwa cha viungo vinne, kile cha kifahari. Bei yake ni ya kichaa, mapipa machache tu nikabeba chuma, ngozi na nguo. Nilimaliza mwaka ghala limejaa, pombe ipo, mbegu 112. Daftari ninalo.

Baada ya hapo ni mwaka wa Mwalimu. Amemaliza na mbegu 40. Mwalimu ajibu.

MamaNtilie_Sinza

Nimesoma hadi hapa. Mimi gemu sijui, ila kupika najua, miaka kumi na minne sasa. Naomba kuuliza. Hicho chakula kilichopikwa mnakihifadhi kwenye nini?

Kizibo

Mapipa, mama.

MamaNtilie_Sinza

Na pombe?

Kizibo

Mapipa.

MamaNtilie_Sinza

Na uyoga ukishavunwa?

Kizibo

Nao unaingia kwenye mapipa.

MamaNtilie_Sinza

Haya. Mapipa yalikuwa mangapi?

Dogo_Chuo

Nimesogeza kiti mbele.

Mwalimu_wa_Zamu

Nilikuwa nasahihisha madaftari, naona nimeshafungwa bila kusomewa mashtaka.

Kwanza nikiri langu. Mwaka wangu nilichimba vyumba, kila Mndevu na chumba chake na mlango, kwa sababu waliokuwa wanalala bwalo moja walishaanza kugombana. Nilijenga daraja la kunyanyua getini. Milango, vitanda, vyote mbao. Msitu wa karibu ukaisha. Kwa hiyo ndiyo, mapipa mapya sikutengeneza. Nilikuta kama 50, nikaacha 50, watu wakafika 58. Hilo ni langu, silikatai.

Lakini Kizibo, mimi kila sevu (gemu lilipohifadhiwa) ninayopokea naweka nakala, tabia ya kutunza mitihani. Leo mchana nimefungua nakala ya siku ile uliyonipa, kabla sijagusa kitu. Nimeingia orodha ya jikoni. Uyoga una alama ya kupikwa. Kwenye maagizo kuna agizo la kudumu: pika chakula cha viungo vinne, rudia, usisimame. Umeliweka wewe, kwa ajili ya msafara wako wa kifahari. Hukulifuta.

Picha nimekutumia, sitaki kukuaibisha hapa.

FundiAggrey

Mwalimu, tayari umemwaibisha.

Mrufiji

Kizibo yuko wapi?

Kizibo

Nipo.

Nimeangalia picha. Nimeangalia na nakala yangu, nikidhani labda Mwalimu kaichezea. Ni kweli. Alama ni yangu na agizo ni langu.

Ila nielezeni kitu kimoja, mwaka wangu mbona mbegu hazikuisha? Agizo lilikuwepo tangu kiangazi.

Mwalimu_wa_Zamu

Nimelifikiria hilo kwenye daladala nzima. Jibu kalitoa yule mama.

Mwaka wako mapipa matupu yalikuwepo. Mtambo wa pombe ulikuwa unachukua uyoga, mbegu zinarudi, jiko nalo linachukua kiasi chake. Viwili vinashindana, nusu kwa nusu, shamba linahimili. Mwaka wangu jiko liliendelea kupika bila kusimama, na kila sahani iliyopikwa inakwenda kukaa kwenye pipa. Ilifika mahali mapipa yote yana chakula. Mtambo wa pombe ukawa unaniandikia hakuna pipa tupu, hakuna pipa tupu, mimi nikapuuza nikidhani ni wapakuzi wavivu. Pombe ikasimama. Pombe iliposimama, uyoga wote ukabaki na njia moja, jikoni. Na jikoni mbegu hairudi.

Halafu Wandevu wasio na pombe wakawa wazito, shamba likapandwa nusu. Uyoga ukapungua, na huo mchache nao ukapikwa.

MamaNtilie_Sinza

Ndiyo nilichokuwa nauliza. Mimi mwaka wa kwanza wa biashara niliwahi kupika maharage mengi nikajaza ndoo zote, kesho yake sina ndoo ya kuchotea maji. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Pipa la mawe hakuna huko kwenu? Chungu?

Kizibo

Kipo mama. Chungu kikubwa cha jiwe kinafanya kazi ileile ya pipa, na tunaishi ndani ya mwamba. Mawe tunayakanyaga. Hakuna hata mmoja wetu aliyechonga chungu kwa miaka mitano.

Na kijiwe chetu kiko Mapipa. Tumekosa mapipa tukiwa Mapipa. Msiseme kitu.

Dogo_Chuo

Wakati mnapumua, nani katengeneza hili dude? Linaonekana la watu wenye muda.

Mwalimu_wa_Zamu

Ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams. Walianza kulitengeneza 2002, toleo la kwanza la watu wote likatoka Agosti 2006, na kwa miaka mingi wakaishi kwa michango ya wachezaji. Tarn ana shahada ya uzamivu ya hisabati, aliacha kazi ya chuo akabaki na vibete. Mwaka 2012 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, likaliweka kwenye mkusanyiko wake pamoja na magemu mengine.

Mjue lilivyo la ndani sana: Desemba 2015 waliongeza vilabu vya pombe, wachezaji wakaanza kuripoti paka wanakufa hovyo. Ikachunguzwa. Walevi wanamwaga pombe sakafuni, paka anaikanyaga, analamba miguu yake kujisafisha, na gemu lilikuwa linahesabu kila mlambo kama kapewa kikombe kizima. Paka wanakufa kwa ulevi. Hakuna aliyepanga. Vitu viwili vya kawaida vimekutana tu.

Na huu mchezo wa kupokezana mwaka mwaka ni wa zamani. Koloni moja liitwalo Boatmurdered lilichezwa hivihivi 2006 na 2007, likafa kwa tembo, moto na wendawazimu. Sisi hatukufika hata kwa tembo.

Kizibo

Sasa Shemeji. Mwaka wa nne uliikuta hali hii, kwa nini hukupiga kelele?

ShemejiPantoni

Nilipiga. Samahani nimechelewa, mtandao huku Kigamboni leo unakuja na kuondoka.

Nimefungua mwaka wa nne, pombe zimebaki 12 kwa watu 58. Sikujua habari ya jiko, niliona tu mbegu chache nikasema hawa hawakupanda. Nikachimba kisima ili wasife kiu. Vuli msafara ulikuja, sina cha kuuza zaidi ya vyakula vyenu vya kifahari, nikauza, nikataka kununua mbegu, hawakuwa nazo. Lakini yule mjumbe wa makao makuu ya Wandevu anayekuja na msafara, si anakuuliza mwakani tukuletee nini? Nikaweka mbegu za uyoga kipaumbele cha juu kabisa, walete kwa bei yoyote. Akakubali.

Nikamaliza mwaka na mbegu tisa. Nikasema haidhuru, Fundi avumilie mpaka vuli, mzigo unakuja.

FundiAggrey

Shemeji.

ShemejiPantoni

Nilikuandikia ujumbe! Mrefu kabisa. "Vuli fungua geti, msafara una mbegu."

FundiAggrey

Uliandika kwenye namba gani?

ShemejiPantoni

Ya siku zote.

FundiAggrey

Ile simu niliibiwa kwenye mwendokasi, Februari. Kijiwe kizima mnajua, mlinichangia.

Basi sikilizeni mwaka wa tano ulivyokwenda, maana nimebeba lawama mpaka nimechoka. Nilipanda zile tisa. Zikaota, nikavuna, nikaona uyoga unapotea. Nilidhani panya, nikaongeza paka, sasa paka ni 19. Agizo la jikoni sikuliona, sikujua lipo. Masika nikachinja ng'ombe wote. Kiangazi nikachinja mbuzi. Kuvua tukavua mpaka mto ukaisha samaki. Watu wakaanza kukamata wadudu na kula.

Vuli ikaingia. Siku ya tatu wakatokea vibwengo, kama 30 hivi, na pinde. Nina watu wenye njaa, wasio na pombe, wazito, nitawapangaje mstari? Nikamtuma mtu avute mkono wa daraja. Daraja likapanda. Tukajifungia. Vibwengo wakakaa nje wanazurura.

Wiki moja baadaye nikaona maandishi, msafara umefika. Mikokoteni kabisa, mizigo imejaa. Nikawaangalia pembeni ya ramani. Nikasema nikishusha daraja vibwengo wanaingia, na mimi hawa sina cha kuwauzia, wapite tu. Walinzi wao walipigana na vibwengo kidogo, wakaua kama kumi, wakageuza, wakaondoka.

Mbegu zilikuwa kwenye ile mikokoteni?

ShemejiPantoni

Ndiyo.

FundiAggrey

Nilikuwa nawaangalia wanaondoka huku nakula ubuyu.

Mrufiji

Duh.

MamaNtilie_Sinza

Poleni jamani. Na watoto wapo humo?

FundiAggrey

Walikuwepo, mama. Wamebaki watatu.

Mpita_Njia_77

Vijana wanne wazima, nguvu mnazo, miezi saba mnalilia uyoga wa kwenye kompyuta. Mngekodi robo eka Kigamboni mkalima mchicha mngekuwa mbali.

ShemejiPantoni

Mkuu mimi nalima mchicha Kigamboni. Kweli kabisa, matuta manane, nyuma ya nyumba. Karibu ununue. Na mwezi uliopita nilivuna wote nikauza, sikuacha hata mche mmoja wa mbegu. Mke wangu kaniuliza "hata huku?"

Dogo_Chuo

Hahahaha nimecheka peke yangu kwenye basi.

Mpita_Njia_77

Sawa, nimekaa chini. Endeleeni.

Kizibo

Wakuu, nimekaa na hili tangu saa kumi jioni. Nilifungua uzi kumshitaki Mwalimu. Mwalimu nisamehe, mbele za watu. Kahawa ya wiki hii yote ni juu yangu, na kashata.

Mwalimu_wa_Zamu

Kashata mbili mbili. Imekwisha hiyo.

Sasa mwaka wa sita ni wako. Unafanyaje?

Kizibo

Nimeshaanza, nawaandikia hapa umeme ukiwa bado upo. Masika, siku ya kwanza. Kitu cha kwanza nimeingia jikoni, nimefuta agizo, nimeondoa alama ya kupika kwenye uyoga. Mbegu kwenye ile orodha nazo nimezizuia, nisije nikapatwa na kizibo kingine kichwani.

Mbegu nne nimezipanda kwenye kitalu kimoja, na nimemweka mkulima mmoja tu, yule mzee aliyekuja na mkokoteni wa kwanza. Yuko hai bado! Mikono yake inavuna zaidi ya vijana wote. Wengine nimewakataza kugusa shamba.

Nimemweka fundi mawe achonge vyungu 20. Mpaka sasa ana saba.

Chakula cha leo na kesho nimewatuma nje wakachume matunda ya porini, baada ya kuangalia kama vibwengo wapo. Hawapo, waliondoka wakati wa baridi. Daraja nimeshusha. Mmoja wa waliochuma amerudi na matunda mengi kweli, kayaweka chini katikati ya korido, akaenda kulala. Sawa tu.

MamaNtilie_Sinza

Hayo matunda si yanapikika pombe?

Kizibo

Mengine yanapikika mama, na mbegu zinarudi. Zamu ya pili tunakuingiza wewe.

MamaNtilie_Sinza

Nina kompyuta ya mwanangu. Mnaniambia tu pa kubonyeza.

Kizibo

Imepita kama saa moja. Uyoga wa kwanza umevunwa, kumi na moja! Yule mzee kazidisha. Wote nimeupeleka kwenye mtambo, chungu kipo, pombe 55 zimetoka, mbegu kumi na moja zimerudi. Wandevu wote 17 wameacha kazi, wamekwenda kunywa. Nimewaacha.

Sasa swali moja la haraka. Nimepita mlangoni mwa bwalo, kuna mikono mitatu ya kuvuta kwenye ukuta. Wa kushoto najua ni lango la maji la Fundi. Wa kulia ni daraja la Mwalimu. Huu wa katikati ni wa nani?

Mwalimu_wa_Zamu

Si wangu. Bonyeza uone umeunganishwa na nini.

Kizibo

Nimebonyeza. Umeunganishwa na lango moja liko ghorofa ya 23 kwenda chini.

Nani alichimba mpaka ghorofa ya 23?

FundiAggrey

Mimi mwaka wa kwanza niliishia ya nne. Mwaka wa tano sikuwa na mtu wa kuinua sururu.

Mwalimu_wa_Zamu

Mimi vyumba vyangu vyote viko ya sita na ya saba.

Kizibo

Mimi ghala tu, ya tano.

Shemeji?

Dogo_Chuo

Shemeji naona yupo hewani.

ShemejiPantoni

Usiuvute. Niko kwenye pantoni navuka, nafika Mapipa baada ya saa moja. Usiuvute kwanza, tuongee ana kwa ana.